Lugha ya Tahadhari: Uhakiki wa Matangazo ya Dharura katika Redio na Televisheni

Uhakiki wa Kiswahili umejishughulisha zaidi na riwaya, tamthilia na ushairi. Tangazo la dharura halijapewa nafasi yake kama matini, ingawa kosa lake la lugha laweza kumgharimu msikilizaji maisha yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba udhaifu wa matangazo haya hautokani na mitambo peke yake, bali pia na lugha inayotumiwa. Subukia, katika Kaunti ya Nakuru, itakuwa kipimo chetu.

Subukia inayajua maafa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko lenye ukubwa upatao 6.9 liliipasua ardhi kando ya mteremko mkali wa Laikipia na Marmanet. Mwaka huo huo utangazaji wa redio ulianza Nairobi, kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Waafrika walianza kutangaziwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ni kweli kwamba tetemeko halitabiriki. Mvua kubwa, hata hivyo, hutabirika, na bwawa lililojaa huonekana. Hapo ndipo lugha inapowajibika.

Tuchukue sentensi tuliyoitunga kwa kufuata mtindo uliozoeleka: “Wananchi wanaoishi mabondeni wanaombwa kuchukua tahadhari na kuhamia nyanda za juu.” Kisarufi haina kosa. Lakini kitenzi “wanaombwa” kinamficha anayeomba, tena kinaifanya amri ionekane hisani. Neno “tahadhari” hubeba maana mbili: onyo linalotolewa na hadhari inayochukuliwa, hivyo msikilizaji huambiwa ajihadhari bila kuambiwa afanye nini. Tena, “mabondeni” ni wapi? Subukia yote ni bonde, nayo imo ndani ya Bonde la Ufa. Zaidi ya hayo, kukimbilia juu si usalama daima, kwani miteremko nayo huweza kuporomoka.

Jirani na Subukia, huko Solai, bwawa lililokuwa juu ya makazi lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Huko Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalivikumba vijiji kabla ya mapambazuko, watu wengi wakiwa usingizini. Redio iliyozimwa haimwamshi mtu. Kwa hiyo tangazo la jioni lina uzito wake, nalo halina budi kusema waziwazi nani asilale nyumbani kwake usiku huo.

Siku chache baadaye, tarehe 2 Mei 2024, serikali iliwaamuru waliokuwa karibu na mabwawa 178 kuhama katika muda wa saa 24. Amri hii ilikuwa na sifa mbili: kitendo na muda. Walakini idadi si jina. Asikiaye “178” hajui kama bwawa lililo juu ya shamba lake limo. Kasoro ya namna hiyo imo pia katika utabiri unaotaja mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Mtaalamu huelewa, mkulima ataelewa zaidi akiambiwa kwamba mto huenda ukafunika daraja. Katika televisheni, maandishi yapitayo upesi chini ya picha humwacha nyuma asomaye polepole.

Wako watakaodai kwamba dawa ni lugha za kienyeji. Hoja hiyo ina uzito: stesheni ndogo za Idara ya Hali ya Hewa, kama ile ya Kangema, zimeonyesha faida ya kusema na watu kwa lugha yao. Lakini Subukia ina wasemaji wa Kikuyu, wa Kikalenjin na wa lugha nyingine, nao mto mmoja huwafurikia wote. Kiswahili hakiwezi kuachwa.

Kwa kumalizia, tangazo linalofaa halina budi kujibu maswali matano: nini kinakuja, wapi hasa, lini, tufanye nini, na ni nani anayesema. Idara zetu za lugha zingefanya vyema kuwapa wanafunzi kazi ya kuyapima matangazo haya mbele ya wasikilizaji wenyewe, wakati wa kiangazi, kabla mvua haijaanza kunyesha.