Mhamahamaji au Mfanyakazi wa Masafa?

Istilahi "mhamahamaji wa kidijitali" ni tafsiri sisisi ya jina la kitabu cha Tsugio Makimoto na David Manners, kilichochapishwa mwaka 1997. Hatuipingi kwa ugeni wake, bali kwa kuwa inapotosha maana.

Mhamahamaji tumjuaye huongozwa na malisho na maji. Huhama na jamaa zake na mifugo yake, na kuhama ni sehemu ya kazi yenyewe. Huyu wa kompyuta husafiri kwa hiari, na kazi ndiyo imfuatayo. Aliyeko Lamu akitumikia ofisi ya San Francisco aweza kutembea mchana kutwa. Lakini kule ifikapo saa 3 asubuhi, kwake ni saa 1 au 2 usiku, naye hana budi kurudi mezani. Kimtawalacho ni umbali, si malisho.

Aidha, neno hilo li karibu mno na "mhamiaji". Kibali cha daraja N, kilichotangazwa na Kenya mwaka 2024, humtaka mwombaji awe na pato litokalo nje ya nchi. Karani akiyachanganya maneno hayo mawili, atamdhania mtafuta ajira.

Kwa kuwa "elimu ya masafa" imekwisha kuzoeleka, twapendekeza "kazi ya masafa" na "mfanyakazi wa masafa"; asafiripo, aitwe "mfanyakazi msafiri wa masafa". Ni istilahi ndefu, lakini haimdanganyi msomaji. Wafasiri na walimu watoe hoja zao mapema, kabla kosa halijaota mizizi.