Bendi Zipigazo Nyimbo za Wengine

Msomaji, ukikaa Lindi katika Kibera, au Kawangware, jijini Nairobi, nyimbo zilizotungwa kabla ya kuzaliwa kwako zitakufikia bila ya kuzitafuta. Hutoka katika redio za vinyozi na za matatu. Jioni za mwisho wa juma hupigwa katika baa na kumbi za mji na bendi ambazo hazikuzitunga. Bendi hizo hudharauliwa na wengi. Husemwa kuwa kazi yao ni ya kasuku, na kwamba mwenye akili hutunga chake. Shauri hilo yafaa tulipime, kwani mhakiki hahukumu kwa uvumi.

Kwanza tutazame jina. Watu wa Kenya huziita nyimbo hizo zilizopendwa. Neno hilo lina kiambishi -li-, kionyeshacho wakati uliopita. Kwa sarufi, basi, ni nyimbo ambazo mapenzi yake yamekwisha. Lakini aliyeko ukumbini huona watu wakiinuka kucheza kabla mwimbaji hajafungua kinywa, kwa kuyatambua magitaa tu. Sarufi yasema hivi, na miguu ya watu yasema vingine. Hapo tunapata kipimo chetu cha kwanza: je, bendi imeugeuza wakati uliopita kuwa wakati uliopo?

Chukua mfano wa Sina Makosa, wimbo wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Uzuri wake haumo katika sauti za waimbaji peke yake. Gitaa la solo, la rithimu na la besi husemezana, kila moja likiliachia jingine nafasi ya kujibu. Bendi hafifu huyapiga yote kwa nguvu sawa, na mazungumzo yakawa ugomvi. Bendi njema hujua kunyamaza. Nawe ukitaka kuijua, usimsikilize mwimbaji kwanza. Lisikilize gitaa la besi, uone kama lina subira.

Kipimo cha pili kimo katika santuri yenyewe. Santuri za siku hizo, zenye kuzunguka mara 45 kwa dakika, zilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande. Wimbo wa dansi aghalabu ulikatwa vipande viwili, ukaanza upande wa kwanza na kumalizika upande wa pili. Msikilizaji wa nyumbani alilazimika kuinuka na kuigeuza santuri pale pale ngoma ilipokolea. Ukumbini hakuna cha kugeuzwa. Bendi iliyo mbele ya watu yaweza kuirefusha sehemu ya kuchezwa mpaka jasho liwatoke. Ikiwa inaukata wimbo pale santuri ilipoukata, imenakili upungufu wa chombo, wala haikunakili kusudi la mtungaji.

Jambo hili si la kwetu tu. The Beatles wa Uingereza waliacha kuzunguka kwa maonyesho mwaka 1966, na mwaka uliofuata wakatoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, ambayo nyimbo zake hawakuziimba jukwaani wakiwa kundi. The Bootleg Beatles, kundi lililoanzishwa mwaka 1980 kwa kuwaiga, limeziimba mbele ya watu. Hapo mwigaji ametenda asilolitenda mwigwa. Je, tumwite kasuku bado?

Tena tukumbuke ushairi wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840, na tungo zake nyingi ziliishi vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua alizikumbuka na kuzikusanya, W. E. Taylor akaziandika, na diwani ikachapwa mwaka 1940. Lau wale waliozikariri wangaliona haya kusema maneno ya mwenzao, sisi leo tungalikuwa maskini. Anayehifadhi si mtungaji, lakini si mtu bure.

Hata hivyo, Sikujua alisema kuwa maneno yale ni ya Muyaka. Hapa ndipo bendi nyingi zipungukiwapo, na hapa ndipo lawama yangu ilipo. Wimbo wa Shauri Yako ulienea Kenya kwa Orchestra Super Mazembe, na wengi waupendao hudhani ni wao walioutunga. Kumbe mtungaji wake ni Nguashi Ntimbo wa Kongo. Bendi ya leo huupiga, watu hushangilia, na mmoja huinuka kumtuza mwimbaji noti. Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo. Lakini mtungaji hayuko kwao, wala jina lake halikutajwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mtungaji haki juu ya kazi yake ipigwapo hadharani. Adabu haingoji sheria. Kulitaja jina la mtu kabla ya wimbo wake hakugharimu shilingi wala dakika, na asiyelitaja amejivika sifa isiyo yake.

Basi, msomaji, siku utakapoisikia bendi ikipiga nyimbo za wengine, usiulize kama inafanana na santuri, kwa maana santuri ipo na haihitaji pacha. Uliza mambo matatu. Je, magitaa yanasemezana? Je, wimbo umepewa uhai mbele ya watu hawa, usiku huu? Je, mwenyewe ametajwa? Bendi itakayoyatimiza mawili ya kwanza ina ufundi, na watu wataicheza. Itakayotimiza na la tatu imeongeza uaminifu juu ya ufundi wake, nayo hiyo ndiyo ninayokusihi uisifu.