Kiungo cha Msuka

Upanga uliletwa umeviringishwa kwenye kanga kuukuu, na kijana aliyeubeba alikuja na jibu lake mfukoni: ni wa Mjerumani, babu mzaa babu aliuokota vitani mwaka 1916. Mzee hakumbishia. Aliitikia shikamoo, akafuta mikono kwa kipande cha gunia, akavuta kigoda hadi mlangoni pa kibanda, mahali ambapo jua la asubuhi huingia kwa ubavu kutoka upande wa milima. Nyuma yetu Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikuwa limetulia, na wavuvi wa perege walikuwa wakirudi.

Mzee ni mhunzi wa ukoo wa Washana. Kwa Wapare, hilo tu linatosha kumtambulisha: Washana waliitawala Ugweno mpaka Wasuya walipowapindua, ila nyundo hawakunyang'anywa. Chuma walichokiyeyusha kutokana na mchanga mweusi wa vijito kilinunuliwa na Wachaga, kikaishia kwenye mikuki ya Wamasai. Siku hizi yeye hufua visu na majembe kutokana na springi za magari. Lakini watu bado humletea vyuma vya urithi awaambie vimetoka wapi, kama mtoto mchanga anavyopelekwa kwa bibi atazamwe amefanana na nani.

Kwanza aliutazama tu, muda mrefu, bila kuugusa. Karibu na mpini palikuwa na sehemu inayong'aa. Kijana alikuwa ameanza kuisugua kwa msasa.

"Hapa umeshafuta maneno, mwanangu," alisema. "Usiendelee."

Akanyoosha tepu ya fundi cherehani: bapa sentimita 84, limenyooka, makali pande zote mbili, mifereji mitatu myembamba katikati. Akaweka ncha juu ya ubao, akauegemea kidogo. Bapa likapinda kama fimbo mbichi, na alipoliachia likarudi pale pale, bila hata dalili ya kupinda. Kisha akautikisa mara moja hewani. Ulitetemeka kuanzia mpinini hadi nchani, nikasikia mvumo wake.

"Feleji," akasema.

Watu wa pwani walikuwa na jina hilo hilo, upanga wa feleji, kwa upanga mrefu ulionyooka wenye makali mawili, silaha ya Waarabu wa Oman na Unguja. Huko Oman, katika ngoma ya razha, wanaume huutikisa hivyo hivyo mpaka bapa likaimba. Upanga wa afisa wa Kijerumani ungekuwa na kikingio cha vidole. Huu hauna kikingio chochote. Kijana akajaribu tena: basi ni wa askari wa Kihindi, si walipita hapa na Waingereza mwaka huo huo? Wazo si baya. Mzee akamwonyesha mpini. Upanga wa Kihindi wa aina ya talwar huwa na mpini wa chuma wenye kisahani juu yake. Huu ulikuwa wa mti, mwembamba, umezungushiwa ngozi na nyuzi za madini, na kichwani una tundu la kupitishia kamba ya kiganja. Akasogeza sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Nyuzi hazikujali. Si chuma, huenda ni fedha.

Akachovya pamba kwenye mafuta ya cherehani, akaipaka juu ya bapa, akasubiri. Akaipaka tena, akasubiri tena, kisha akaanza kuchokoa uchafu kwa njiti ya mti. Sindano, alisema, ingechora. Zikajitokeza nusu-mwezi mbili zilizopeana migongo.

"Mwezi!" kijana akafurahi. "Wa Kiislamu huo."

Hapo ndipo nilipochangia kidogo nilichowahi kukisoma: miezi ya namna hii ilipigwa mhuri huko Solingen, Ujerumani, mji uliouza mabapa duniani kote, na wahunzi wengi wa kwingineko wakaiiga kwa sababu wanunuzi waliiamini. Kwa hiyo kijana huenda hakukosea kumtaja Mjerumani, ila vita havikuhusika. Mzee alinisikiliza kwa adabu. Alama, naona, hazimvutii sana.

Kilichomvutia kilikuwa chini ya ngozi. Ilikuwa imeachia upande mmoja, na kwenye upenyo huo msuka, ule ulimi wa bapa unaoingia mpinini, ulionekana. Aliuelekeza kwenye jua, akaugeuza, akavaa miwani, akaivua. Kutu ya bapa ilikuwa vidoadoa. Kutu ya msuka, kuanzia nusu yake kwenda juu, ilikuwa mistari, kama ubao wa mninga uliopasuliwa. Tanuri za zamani hazikukifanya chuma kuwa maji, akanieleza. Kilitoka kama donge lililochanganyika na mavi ya chuma, na mhunzi akikifua, mavi hayo hunyooka yakawa nyuzi. Springi ya gari haina nyuzi. Feleji hii nayo haina.

Upanga, basi, ulivunjikia msukani, labda katika msafara wa pembe uliopanda kutoka Pangani kwa kuufuata mto wa bwawa hili, na mtu wa huku akauunga kwa chuma cha kuyeyushwa kienyeji.

"Unajua ugumu wake?" Mzee aliniuliza mimi, si mwenye upanga. Chuma laini hakishikani mpaka kiwe cheupe, kinatoa cheche. Feleji ikifika huko imeshaungua. Kwa hiyo kimoja hutangulia motoni, cha pili hufuata, na mhunzi huhesabu kwa rangi tu. Vyote viwili vitoke pamoja, na pigo la kwanza liwahi kabla rangi haijashuka.

Kijana alikuwa ameanza kukunja kanga. Akauliza sasa nyumbani aseme upanga ni wa wapi. Mzee hakujibu upesi. Alikuwa akipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kiungo, kwenda na kurudi, akitafuta mahali utakapokwama.