Mwenye Kanda Hapitwi

Redio haimsubiri mtu. Kwa miaka mingi Dira ya Dunia ya BBC ilisikika saa kumi na mbili na nusu jioni, muda uleule ambao mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, yumo mbioni kupakia nyavu na karabai. Usiku wa giza hulala ziwani, akarudi asubuhi habari zimekwisha kusomwa. Aliyebaki nyumbani na redio kaseti ndiye anayemrekodia na kumwekea, kama anavyomwekea chakula.

Asiyeifanya kazi hiyo huiona nyepesi. Kanda ya dakika 60 ina nusu saa kila upande, hivyo mrekodi hodari huvizia muziki wa katikati ya kipindi ndipo aigeuze, asimkate mtu maneno. Betri nazo humtia wasiwasi. Zikichoka, kanda huzunguka polepole wakati wa kurekodi. Siku ya kusikiliza, kwa betri mpya, mtangazaji mzima huongea mbiombio kwa sauti ya kitoto. Kipindi cha kutunzwa huvunjiwa kijino cha plastiki mgongoni mwa kanda, vijana wasije wakakifuta kwa bongofleva. Kisha huandikwa jina na tarehe, kwani kanda isiyo na tarehe ni nusu ya kanda.

Masafa mafupi yaliyoleta matangazo ya mbali yalikuwa na vituko vyake: sauti inakuja, inazama, inarudi na mkwaruzo. Ndiyo maana setilaiti ya AfriStar, iliyorushwa 1998, ilileta matumaini. Mwaka uliofuata WorldSpace, kampuni ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ikaanza kutangaza Afrika kupitia setilaiti hiyo. Setilaiti ilikaa juu ya Ikweta, nyuzi 21 mashariki. Kwa mtu wa Ujiji, antena bapa ya redio ya setilaiti ilipaswa kutazama karibu wima, imeinamia kidogo upande wa milima ya Kongo. Chini ya mwembe wenye majani mazito ungeambulia kimya; ukitoka uwanjani, sauti safi kabisa. Waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni la redio hiyo hadi redio kaseti ulitosha kurekodi. Lakini 2008 kampuni iliomba kinga ya ufilisi, na baadaye matangazo yakakoma.

Siku hizi hata simu ndogo ya vitufe inaweza kurekodi FM kwenye memori kadi, waya wa spika za masikioni ukiwa ndio antena. Mashine zimebadilika, ustadi ni uleule: kumjua asiyekuwepo, ukajua taarifa ya Bujumbura itamgusa na ya soko la hisa haitamgusa. Kurekodi kila kitu ni kumtwisha mtu mzigo. Kumchagulia ni kumheshimu.

Basi wewe mwenye kanda sandukuni, zitoe kabla ukungu haujazila. Zisikilize, zihamishie kwenye simu au kompyuta, na uandike tarehe. Usidhani kituo kilichotangaza kimekutunzia nakala.