Nimekishika! Kifaa kinachounga mfupa kwa sauti

Jamani, kimefika! Kimetoka Muscat kwenye begi la shemeji, kikalala Dar usiku mmoja, kikapanda basi la kusini kikiwa kimeviringishwa ndani ya kanga mbili. Jana jioni nilikuwa nimekaa barazani kwetu Mikindani, mguu wenye hogo juu ya kigoda, nakipachika kwa mara ya kwanza. Mikono inatetemeka kama ya mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

Kwa macho hakina makuu, nisiwadanganye. Kiboksi cha plastiki kinachoenea kiganjani, kioo kidogo, kitufe, waya mmoja, na mwisho wa waya kichwa cha duara. Mkanda wa kukifungia na chupa ya jeli. Basi. Jirani aliyepita aliniuliza kama presha imepanda.

Lakini ngoja nikwambie kinachofanyika humo ndani! Kichwa kile kinatetemeka mara milioni 1.5 kwa sekunde. Sikio la binadamu, tena la kijana, linakomea kwenye 20,000. Kama umewahi kupanda boti yenye mtambo wa kutafutia samaki, ukoo ni huo huo: sauti inatumwa majini, ikigonga kitu inarudi. Hiki changu hakingoji kitu kirudi. Kinatuma tu, mfululizo wa vipigo, na jeli ndiyo bahari yake, maana pakiwa na hewa kati ya kichwa na ngozi sauti haivuki.

Nguvu yake ni miliwati 30 kwa kila sentimita ya mraba. Ile altrasaundi ya kuchua misuli, inayopasha moto, huweza kufika wati nzima na kupanda, yaani zaidi ya mara thelathini ya hii. Hii yangu iko jirani na ile anayopigwa mama mjamzito. Halafu haipigi muda wote: katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, inapiga kwa moja ya tano tu, kisha kimya. Matibabu ni dakika 20 kwa siku, kwa hiyo sauti yenyewe, ukiikusanya, ni dakika nne! Nilipomaliza hesabu hiyo nilicheka peke yangu.

Mfupa unaitaka sauti ya nini? Mfupa ni kitu hai kinachopenda kutikiswa kidogo, ndiyo maana daktari hukwambia uanze kukanyaga taratibu badala ya kulala tu. Maabara zimeonyesha kwamba seli zikipigwa na mitetemo hii huzalisha prostaglandini kwa wingi, kemikali ambayo ni mojawapo ya ishara za mwanzo za kuunga. Ni kama kumgonga bega fundi aliyesinzia.

Na fundi wangu amesinzia kweli. Niliangushwa na bodaboda, mundi ukavunjika, nikafungwa hogo, kisha kwa ujinga wangu mwenyewe nikaanza kuukanyagia mapema kwa sababu msimu wa korosho haungoji mtu. Sigara nazo sikuacha, na sigara huchelewesha mfupa. Miezi imepita, eksirei bado inaonyesha ule ufa mweusi.

Sasa raha yenyewe: dirisha. Mtaalamu wa plasta alitazama eksirei, akapima kwa rula kutoka kwenye goti, akachora mraba juu ya hogo, akaukata kwa ule msumeno unaovuma. Kipande kikatoka kizima kama kifuniko. Usikitupe! Baada ya kila kipindi lazima kirudishwe na kufungwa kwa bendeji, la sivyo nyama huvimba na kujitokeza kwenye tundu. Ngozi yangu niliyoiona humo ilikuwa imepauka, ina magamba kama ya changu. Nikapaka jeli. Baridi! Nikakaza mkanda, nikabonyeza.

Hakuna kitu. Si joto, si mtekenyo, si mlio. Namba tu zinarudi nyuma kwenye kioo: 20, 19, 18.

Bibi yangu, ambaye ameona watu wakiungwa kwa banzi za mianzi tangu utoto wake Msimbati, alisogeza kiti.

"Mume wangu, huo mtambo mbona haulii?"

"Unalia, bibi, ila masikio yetu hayaufikii."

"Basi na miye nina cherehani inayoshona usiku, ila macho yako hayaioni."

Nilimpa takwimu kumziba mdomo. Miongoni mwa watafiti wa mwanzo ni Mbrazili Luiz Duarte, miaka ya 1980. Mwaka 1994 ulichapishwa ule wa Heckman na wenzake: mivunjiko 67 ya mundi, waliopata sauti waliunga kwa wastani wa siku 96, waliopata kifaa bubu siku 154. Siku 58 za tofauti, jamani! Mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu kifaa cha aina hii kiitwacho Exogen kwa mivunjiko mipya, na mwaka 2000 kwa mifupa iliyogoma kuunga.

Hapo ningependa kuishia, lakini mwaka 2016 uliniharibia shangwe. Jaribio liitwalo TRUST lilikusanya watu 501 waliovunjika mundi na kupigwa chuma ndani ya mfupa. Nusu sauti, nusu kifaa bubu. Hakuna tofauti, si kwenye eksirei wala kwenye siku ya kurudi kazini. Mwaka uliofuata jopo la jarida la BMJ likashauri kisitumiwe. Niliisoma taarifa ile mara tatu nikitafuta mwanya. Mwanya nilioupata ni mmoja, tena kwingine: mfupa uliogoma, kama wangu. Mwaka 2013 taasisi ya NICE ya Uingereza ilikiunga mkono kwa mifupa mirefu ambayo haijaunga baada ya miezi tisa, kwa hoja kwamba kinaweza kuepusha upasuaji. Huko ushahidi mwingi ni wa kufuatilia wagonjwa bila kundi la kulinganisha, nalijua hilo.

Na bei! NICE ilipokipima, toleo dogo lilikuwa pauni 999, kubwa zaidi ya pauni 2,500. Kijana aliyevunjika leo barabara ya Mikindani asiuze shamba kwa ajili ya hiki. Akimbilie Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda pale Mitengo, mfupa unyooshwe vizuri. Ikihitajika chuma, kuna misumari ya SIGN inayotumika hata kwenye taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, iliyobuniwa ipigwe bila eksirei ya papo hapo chumba cha upasuaji. Hiyo nayo siku moja nitaiandikia makala!

Changu mimi nimekipenda, basi tena. Kioo kilipofika sifuri nilifuta jeli, nikarudisha kifuniko, nikafunga bendeji. Bibi akanyoosha mkono kwenye mfuko wa shati langu, akatoa pakiti ya sigara, akaondoka nayo ndani.