Jina Yake Nani?

Riwaya ya Rebecca nimeipitia mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma peke yangu, kwa Kifaransa, nakala chakavu niliyoinunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Mara ya pili nilimsimulia Mama mukubwa katika lupango yake kule Katuba, Lubumbashi, jioni ambazo umeme umekatika na mbabula imebaki na makaa machache. Ufundi wa Daphne du Maurier niliuona mara hii ya pili, kwa sababu msomaji anaweza kuruka kurasa, lakini msimulizi akiruka kitu ataulizwa.

Swali la Mama mukubwa lilikuja jioni ya kwanza kabisa: “Uyu mwanamuke, jina yake nani?” Nikafungua kitabu, nikatafuta. Hakuna. Msichana anaolewa na tajiri mjane, Maxim de Winter, anapelekwa Manderley, anatusimulia kila kitu kwa kinywa chake mwenyewe, na jina lake halitajwi mpaka mwisho. Nilikuwa nimemaliza kitabu kizima bila kugundua.

Mama mukubwa alinyamaza kidogo. Kwetu mke hujulikana kama mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake. Huyu hana mtoto, hana jina, na cheo alichopewa, Bi. de Winter, kilikuwa cha marehemu Rebecca, mke wa kwanza. Kuna mahali simu ya ndani inalia, sauti inamwita Bi. de Winter, naye anajibu kwamba wamekosea, Bi. de Winter alikwisha kufa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Aliyempigia ni msimamizi wa nyumba, Bi. Danvers, aliyemo humo humo ndani. Mistari michache tu, na tayari tunajua nyumba hiyo ni ya nani.

Hapo ndipo mtego ulipo. Msichana amejaa wivu kwa mwanamke ambaye hajawahi kumwona. Mume akibadilika uso pakitajwa ufuo, anadhani anamlilia Rebecca, nasi tunadhani hivyo hivyo, kwa kuwa hatuna macho mengine ila yake. Mwandishi hakuficha kitu. Leso, kibanda cha ufuoni, maneno ya Ben yule punguani, vyote viko mezani. Hata kwamba Manderley haipo tena tunaambiwa katika sura ya kwanza! Amepotosha macho yetu tu, taratibu, kwa mkono usiotetemeka.

Sisi wa Lubumbashi tumelelewa na michezo ya Kundi la Mufwankolo, waigizaji wasioandikiwa maneno: wanakubaliana mpango wa kisa, kila mmoja anajitafutia usemi wake. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia kazi yao mwaka 1986, akachapisha mazoezi yao kwa Kiswahili chetu. Nyumbani tulizoea kuipigia televisheni kelele, kumwonya mume anayedanganywa, maana sisi tulikuwa tumeona na yeye hajaona. Du Maurier alituondolea nafasi hiyo ya kuonya. Katika Rebecca tunapotea pamoja na mhusika, na kwangu hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Kitabu kilichapishwa mwaka 1938. Alianza kukiandika hapa hapa Afrika, Aleksandria nchini Misri, alikokuwa mumewe mwanajeshi, huku roho yake ikiwa Cornwall.

Jioni ya nne nilikuwa katikati tu nikisimulia ukimya wa Maxim. Mama mukubwa akachochea makaa, akasema: “Uyu bwana haiko na kilio. Iko na boga.” Mimi, niliyesoma vyuo, nilihitaji sura nyingine kadhaa kulifikia hilo.

Alichokuwa akikiogopa sitakiandika. Kitafute kitabu, na usimuulize mtu mwisho wake.