18 Wima

Si mbaya, ndani yake amelala mnyama mkali (herufi 5).

Anayeisoma sentensi hiyo kama sentensi atadhani anaonywa kuhusu mtu: usimdharau, mpole huyo ana ukali wake. Mfumbuzi wa chemsha bongo za mtindo wa Kiingereza hasomi hivyo. Yeye anaikata vipande. "Mnyama mkali" ndiyo maana ya jibu. "Ndani yake amelala" ni maelekezo. "Si mbaya" haimsifu wala kumlaumu mtu. Ni ghala la herufi tu, na ukiyasogeza maneno hayo mawili yakagusana, simba huyo hapo.

Kidokezo hicho nimekitunga mwenyewe, kwa sababu chemsha bongo nyingi tunazozikuta magazetini kwetu huuliza moja kwa moja: mji mkuu wa nchi fulani, kinyume cha neno fulani. Huko kwingine nako kulianza hivyo hivyo. Jedwali la kwanza, la Arthur Wynne, lilitoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na halikuwa na hila za namna hii. Hila zilikuja kukolea Uingereza, hasa kwa mkono wa Edward Powys Mathers, aliyeanza kutunga katika gazeti la Observer mwaka 1926 akijiita Torquemada, yule mkuu wa mahakama ya mateso ya Hispania. Mrithi wake, D. S. Macnutt, akajiita Ximenes, mkuu mwingine wa mahakama hiyo hiyo. Wa tatu, Jonathan Crowther, akamchukua Deza, naye mkuu wa papo hapo, akaligeuza jina lake kinyumenyume likawa Azed. Waliojibatiza majina hayo hawakuwaficha wasomaji nia yao.

Macnutt ndiye aliyeweka sheria wazi, katika kitabu cha mwaka 1966. Kidokezo ni maana ya jibu na mchezo wa herufi, basi. Labda na kiungo kidogo cha kuvishikanisha. "Masika yakivurugika hutoa kitoweo cha baharini (6)." Vuruga herufi za masika, unapata samaki. "Ali akirudi nyuma huonekana kasoro (3)." Msome Ali kutoka mwisho, unapata ila. Sentensi ya juu inadanganya, lakini kila neno lake, likisomwa kwa sheria, linasema kweli. Hiyo ndiyo heshima ya mchezo wenyewe: mtungaji anaruhusiwa kukupoteza njia, haruhusiwi kukunyima njia.

Kwa Kiswahili kazi ina ugumu wake ambao Mwingereza haujui. Upatanisho wa kisarufi ni mdaku. Mtungaji akiandika "chenye miguu minne kisichotembea", ki- na ch- zimeshapeleka habari kwa mfumbuzi: ngeli inajulikana, na herufi za kwanza za kiti zimeshaandikwa kabla hata ya kufikiri. Itabidi aseme "samani ya kukalia" ili ngeli ya samani iifunike ngeli ya kiti. Halafu karibu kila neno letu linaishia na irabu, kwa hiyo herufi ya mwisho, inapokatana na neno jingine, humsaidia mfumbuzi kidogo sana: ni moja kati ya tano. Lakini irabu hizo hizo ndizo zinazofanya maneno yaungane vizuri mwisho kwa mwanzo, na jina la mnyama likapata pa kulala bila mtu kusikia kishindo.

Hayo yote ni kidokezo kimoja kimoja. Mtu anaweza kuvipenda kama apendavyo vitendawili, kimoja baada ya kingine, bila uhusiano. Dhamira iliyofichwa inabadilisha mambo. Majibu kadhaa katika jedwali moja yanakuwa ya ukoo mmoja, na hakuna aliyekuambia. Unajaza jibu la tano, la sita, kisha unainua kichwa: mbona haya yanafahamiana? Wakati mwingine ujumbe unapita pembezoni mwa jedwali, herufi moja moja katika visanduku vya ukingo. Waingereza huuita ujumbe wa namna hiyo Nina, kwa heshima ya binti wa mchoraji wa Marekani, Al Hirschfeld, ambaye alikuwa akilificha jina la mwanawe katika mikunjo ya nguo na nywele za watu aliowachora. Jedwali la Listener, lililoanza mwaka 1930 katika jarida la BBC na kuhamia gazeti la The Times mwaka 1991, limekwenda mbali zaidi: vidokezo vyenye makosa ya makusudi, herufi za makosa hayo zikipangwa zinatoa amri, na amri inakutaka ubadilishe ulichokwisha kukijaza. Mimi huko naheshimu zaidi ya ninavyopenda. Ufundi ukizidi, mfumbuzi anaishia kufuata maagizo.

Swali la mhakiki ni hili: dhamira iko kwa nani, kwa aliyetunga au kwa aliyesoma? Mei 1944 liliulizwa kwa ukali usio wa kifasihi. Katika majedwali ya Daily Telegraph yaliyotungwa na mwalimu wa shule, Leonard Dawe, zilitokea kwa wiki chache Utah, Omaha, Overlord, Mulberry, na mwanzoni mwa Juni, Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya mpango wa kutua Normandy, uliotekelezwa tarehe 6 Juni. Maofisa wa usalama wakaenda kumhoji. Dawe hakuwa na la kueleza. Miaka 40 baadaye mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alisema mwalimu huyo alizoea kuwaomba vijana maneno ya kujazia majedwali yake, nao waliyaokota kwa askari waliopiga kambi jirani. Vyovyote iwavyo, hapo palikuwa na dhamira kamili, yenye maneno matano na tarehe, isiyokuwa na mwenyewe. Waliomhoji walisoma kama wafumbuzi hodari wanavyosoma: majibu ya ukoo mmoja hayaji kwa bahati.

John Graham alijua fika kwamba wasomaji wake husoma namna hiyo. Alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, alianza kulitungia Guardian mwaka 1958, na ndoa yake ya kwanza ilipovunjika akapoteza ruhusa ya kuhudumu kanisani, akawa anaishi kwa majedwali. Alijiita Araucaria, jina la mti ambao Waingereza wanauita fumbo la nyani. Mti huo una jina jingine kwao, Chile pine. Pangua herufi zake upate Cinephile, jina alilolitumia katika Financial Times. Tarehe 11 Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, alitoa katika Guardian jedwali lililokwisha kutokea mwezi uliotangulia katika jarida lake dogo la mafumbo. Juu yake paliandikwa sentensi moja ambayo kwa Kiswahili ingekuwa hivi: Araucaria ana 18 wima ya 19, ambayo inatibiwa kwa 13 15.

Tuisome polepole. Sarufi imekamilika, nomino hazipo. Kuna mtu, kuna "ana", kuna "ya", kuna "inatibiwa kwa". Hata kabla ya kujaza kisanduku kimoja, kitenzi cha mwisho kimeshasema kwamba 18 ni ugonjwa. Je, kimesema? Katika lugha ya watungaji wa Kiingereza, kitenzi hicho hicho cha kutibu ni ishara iliyozoeleka ya kupangua herufi: neno "linatibiwa", maana yake herufi zake zinachanganywa. Mfumbuzi mzoefu, aliyefundishwa miaka mingi asiamini sura ya sentensi, angeweza kabisa kuikuta sentensi hiyo akadhani ni maelekezo ya kiufundi. Mazoea yaliyompa uhodari ndiyo yaliyomkinga, kwa muda, na maana ya kawaida ya maneno. Yule asiyejua kitu ndiye angeshtuka kwanza.

Kisha majibu yanaanza kuingia. Macmillan. Huyu anaweza kuwa waziri mkuu wa zamani, anaweza kuwa mchapishaji wa vitabu. Muuguzi. Machweo. Kijibomba cha kuzibua njia iliyoziba mwilini. Uchunguzi wa kamera inayopitishwa kooni. Macmillan aliyekuwa waziri mkuu dakika kumi zilizopita, sasa kwa kukaa jedwali moja na muuguzi amekuwa shirika la Kiingereza linalohudumia wagonjwa wa saratani. Jibu halijabadilika hata herufi moja. Majirani zake ndio waliolibadilisha. Kama kuna mahali pa kuonyesha dhamira iliyofichwa inafanya kazi gani ambayo kidokezo kimoja hakiwezi, ni hapa.

18 ni saratani. 19 ni umio. 13 na 15 kwa pamoja ni tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu pale ambapo kupona hakutazamiwi tena.

Kwetu habari nzito haitupwi mtu akiwa amesimama. Anayeileta anakaribishwa, anauliza ya nyumbani, anaanza na "fulani hali yake si nzuri sana", na anayepokea anaachiwa afike mwenyewe pale habari ilipo. Araucaria alifanya adabu hiyo kwa jedwali la gazeti, na akazidisha jambo moja: neno lenyewe hakulitamka yeye. Mfumbuzi ndiye aliyeliandika, kwa kalamu yake, kisanduku kwa kisanduku, akihakikisha kila herufi inakubaliana na zinazoikata. Huwezi kulipinga jibu ulilolithibitisha mwenyewe kutoka pande mbili. Barua za kumtakia heri zilimiminika gazetini.

Tuna methali, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo la aina hiyo linagawa wasikilizaji mafungu mawili na kuwaacha hapo. Ndivyo yalivyofanya kazi mashairi ya siasa ya Muyaka bin Haji katika Mombasa ya Wamazrui na Sayyid Said: aliyejua anajua, asiyejua anafurahia vina, na kesho yake hapachapishwi majibu. Kwenye kitendawili, ukishindwa, mtegaji anadai mji. Jedwali la gazeti lina mapatano mengine kabisa. Mtungaji ambaye hakuna aliyemfumbua ameharibu kazi, na hapewi mji wowote. Kwa hiyo siamini wanaosema Araucaria aliuficha ugonjwa wake ndani ya fumbo. Kuficha katika umbo linaloahidi kufichuliwa ni kutangaza, kwa mwendo aliouchagua mwenye habari.

Kasoro ipo. Araucaria hakuwa mfuasi mnyoofu wa Macnutt. Alipenda vidokezo vinavyotegemeana kwa namba, na wapo wafumbuzi ambao mpaka leo hawana subira na mtindo huo, kwa sababu mlango mmoja ukigoma vyumba vyote vinafungwa. Machweo nayo ningeiondoa. Ni jibu pekee kati ya hayo linaloomba huruma; muuguzi, kamera na kijibomba ni vitu vya wodini, vinatosha kwa ukavu wake.

Alifariki tarehe 26 Novemba mwaka huo huo, na anayelifungua jedwali hilo sasa hulifungua akiwa tayari na majibu yake makubwa. Bado kuna kitu kimoja cha kukagua. Jina la matibabu limegawanywa sehemu mbili, namba 13 na namba 15. Ya pili, kwa Kiingereza, ni neno fupi la herufi nne, la uangalizi tu, ambalo mtu huambiwa hata akiwa na mafua. Ya kwanza, ndefu, ndiyo inayolitia neno hilo mpaka na kuondoa tumaini la kupona. Kila mfumbuzi hujaza kwa mpangilio wake, kutegemea kidokezo kipi kimemfungukia kwanza. Aliyeanza na 15 alikaa kidogo na mgonjwa anayeuguzwa. Aliyeanza na 13 hakupewa nafasi hiyo.